Chai Ina Saa Yake

Kila asubuhi, kabla cherehani ya kwanza haijaanza kulia, birika la Majani huwa limeshachemka mara mbili. Majani si jina lake la kuzaliwa. Watu wamemwita hivyo kwa sababu ya neno moja analolirudia kila siku: "Chai bila majani ya kutosha ni maji ya kuogea." Anapika chai kwenye kijichumba kando ya ngazi, katika jengo la mafundi cherehani. Kijichumba kina jiko moja, rafu moja ya vikombe na kiti kimoja ambacho hakikaliwi, maana mwenyewe hatulii.

Chai yake ni nzito. Ukitazama ndani ya kikombe huoni chini. Wateja huisifu, naye anapenda sifa. Asiposifiwa husimama mlangoni akijikohoza mpaka mtu aseme neno.

Juu ya ngazi kuna chumba kirefu chenye cherehani sita. Humo ndimo anamoshona mke wake. Watu wote humwita Fundi, hata mumewe, ingawa mafundi wako sita. Akikushonea shati leo, ukirudi baada ya mwaka atakukumbusha kwamba bega lako la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia.

Chumba hicho kina sheria moja. Aliiweka mwenye chumba, mama mmoja mwenye sauti nzito wanayemwita Bi Mkasi. Sheria yenyewe ni hii: mchuzi haupandi ngazi. Tone moja la mafuta likidondoka kwenye kitambaa cha mteja, basi kitambaa kimeharibika. Kwa hiyo mafundi hawabebi chakula. Mchana hula mkate mkavu kwa chai ya Majani, palepale kwenye cherehani, huku wakipangusa makombo kwa kiganja. Wamefanya hivyo miaka tisa, na wamezoea.

Mwaka huu ninaousimulia, Fundi alikuwa na mimba ya miezi sita. Ilikuwa mimba ya pili. Mtoto wa kwanza ni msichana wa miaka saba. Nyumbani wanamwita Swali, na ukikaa naye dakika mbili utajua sababu.

Fundi alianza kuchoka. Mwanzoni alisema ni mimba tu. Kisha akaanza kusimama katikati ya ngazi, mkono ukutani, akisubiri moyo utulie. Kisha sindano ikamshinda kutunga uzi, yeye aliyekuwa akitunga huku anapiga soga. Macho yalimwingia kiza kila alipoinuka.

Halafu kulikuwa na jambo la chaki. Mafundi huchora kitambaa kwa chaki bapa kabla ya kukikata. Siku moja Bi Mkasi alihesabu chaki zake akauliza, "Humu ndani kuna panya gani anayekula chaki?"

Watu walicheka. Fundi aliinamisha uso. Panya alikuwa yeye. Alikuwa anamega kipande kidogo, anakitafuna polepole, na mwenyewe hajui kwa nini. Harufu tu ya chaki ilimjaza mate mdomoni. Aliona haya kumwambia mtu.

Kliniki, muuguzi alimtoboa kidole na kupima damu. Wajawazito wote pale walimwita Sista.

"Damu yako ni tisa," Sista alisema. "Mjamzito tunataka ifike kumi na moja. Chukua vidonge hivi vya madini ya chuma. Kimoja kila siku. Usiruke hata siku moja."

Nyuma ya Fundi palikuwa na foleni mpaka mlangoni. Sista akaita mwingine.

Majani alipopewa habari hiyo, alikaa kwenye kile kiti chake kisichokaliwa. Alikumbuka siku Swali alipozaliwa. Mtoto alitoka salama, lakini damu ya mama iligoma kukatika. Majani alikuwa nje, kwenye benchi la mbao, akiona watu wakipita mbio. Zilitakiwa chupa tatu za damu. Zilipatikana mbili. Mkewe alipona, ila daktari alimwambia maneno ambayo hajayasahau: "Safari ijayo asije na damu kidogo. Hatutabahatika kila mara."

"Hivi vidonge utameza," Majani alimwambia mkewe. "Nami nitakusaidia. Ladha yake ni kama kulamba msumari, nimesikia. Nitakupikia chai ya kushushia."

Akampikia kweli. Mafundi wengine waliiita chai ya mheshimiwa. Aliongeza majani vijiko viwili zaidi ya kawaida, akaichemsha mpaka ikawa nyeusi, akatia sukari vijiko vinne. Kila mchana alipanda nayo ngazi mwenyewe, kikombe kimefunikwa kisahani. Fundi alimeza kidonge kwa chai hiyo, akala mkate wake, akarudi kwenye cherehani.

Baada ya mwezi mmoja alirudi kliniki. Damu ilikuwa imeshuka. Ilikuwa nane na nusu.

"Mama, vidonge unameza?" Sista aliuliza.

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku, Sista."

Sista alimtazama kidogo. "Wengi husema hivyo," alisema, akaandika kwenye kadi. "Ikizidi kushuka nitakuandikia uende hospitali kubwa. Mtoto anakaribia."

Fundi alirudi nyumbani. Jioni, wakiwa wamekaa barazani, aliwaeleza watu wa nyumbani yote. Mama mkwe wake alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Ni bibi mcheshi, lakini ulimi wake hauna breki.

"Mwanangu," bibi alisema, "mimi ni mama yako, usinifiche. Vidonge hivyo unavitupa wapi?"

"Sivitupi, mama."

"Mimi vyangu nilivificha chini ya godoro. Baba mkwe wako alipogeuza godoro akadhani ni mayai ya mjusi. Sema tu. Hakuna atakayekupiga."

"Mama, nameza. Nameza kila siku."

"Basi damu inakwenda wapi?"

Fundi alimtazama mumewe amtetee. Majani alikuwa anaangalia chini, anakuna kidole gumba. Alitaka kumwamini mkewe, Mungu anajua. Ila hofu ikishamkaa mtu hata ya wazi hayaoni. Alifikiria benchi la mbao.

"Nipe hivyo vidonge," alisema mwishowe. "Nitavitunza mimi."

Tangu siku hiyo vidonge vilikaa ndani ya kopo la majani ya chai, pale kwenye rafu ya kijichumba. Mchana Majani alipanda ngazi na kidonge mkono mmoja, chai mkono mwingine. Alisimama mbele ya cherehani ya mkewe mpaka ameze.

"Fungua mdomo," alisema siku ya kwanza. "Inua ulimi."

Cherehani tano zilinyamaza. Fundi alifungua mdomo, akainua ulimi. Mumewe akaangalia. Kisha akashuka, na chumbani hakuna aliyemtania mwenzake mpaka saa za kufunga.

Ikawa hivyo kila siku kwa majuma mawili. Na kwa kuwa hofu yake ilizidi, chai nayo aliizidisha ukali. Fundi alizidi kuchoka. Miguu ilikuwa mizito na midomo imepauka. Kwa mdomo alimjibu mumewe vizuri, lakini moyoni alikuwa amekwazika sana. Kuumwa aliweza kuvumilia. Kudhaniwa mwongo na mume aliyeishi naye miaka minane, hilo lilimliza anapobaki peke yake.

Siku ya kumi na tano, mchana, Sista mwenyewe alipanda zile ngazi. Zipu ya sare yake ilikuwa imekatika, na Bi Mkasi ni hodari wa zipu. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango akisubiri. Alimwona Fundi, wakasalimiana kwa adabu, kila mmoja akikumbuka maneno ya kliniki.

Mara Majani akatokea na kikombe chake.

"Fungua mdomo," alisema. Fundi akaweka kidonge ulimini, akapokea kikombe, akapiga mafunda matatu makubwa.

Sista aliinuka kwenye kigoda. "Hicho ni kidonge cha damu?"

"Ndicho," Majani alijibu kwa fahari. "Na leo umejionea mwenyewe. Anameza. Mimi ndiye ninayesimamia."

"Na huwa anameza na chai?"

"Chai ya nguvu. Sipiki chai ya kubahatisha."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza uliyompa."

Sista alijishika kiuno. Kisha akamgeukia Fundi. "Mama, nisamehe. Nilikuuliza kama unameza. Sikukuuliza unameza na nini. Ulikuwa unasema kweli siku zote."

Fundi aliweka kikombe chini. Machozi yalimtoka tu, akayafuta kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa mezani.

Majani aliangalia huku na huku. "Sijaelewa," alisema.

"Lete kikombe chako cha zamani kuliko vyote," Sista alimwambia.

Akaleta. Ndani kilikuwa cha kahawia, rangi imekaa haitoki.

"Umewahi kukisugua?"

"Mara elfu. Huo ni ukongwe, Sista. Hautoki."

"Ni chai hiyo. Majani ya chai yana kitu kikavukavu, kile kinachokufanya uhisi ulimi umekauka ukinywa chai kali. Kinashika vitu. Kimeshika kikombe chako. Na tumboni kinashika madini ya chuma. Mkeo akimeza kidonge na chai, chai inakikamata kile chuma kabla mwili haujakichukua. Kinapita nayo mpaka chooni. Chai ikiwa kali zaidi, inakamata zaidi."

Majani alitazama kikombe kwa muda mrefu. "Kwa hiyo mimi," alisema polepole, "kila siku napanda ngazi kuja kumnyang'anya damu."

"Hukujua."

"Na chai yangu ni sumu."

"Nimesema sumu mimi? Usinigombanishe na jengo zima," Sista alisema, na mafundi wakacheka kidogo. "Chai ni kinywaji kizuri. Inakupa maji, inakuchangamsha, na wataalamu wanasema kwenye majani yake kuna vitu vinavyosaidia moyo na mishipa ya damu. Mimi mwenyewe nakunywa. Chai ni afadhali kuliko soda mara nyingi. Ila unatia sukari vijiko vingapi?"

"Vinne."

"Hapo umeshatoka kwenye chai, umeingia kwenye peremende. Punguza mpaka kimoja, au usitie kabisa. Na chai ina saa yake. Isinywewe na chakula, wala na kidonge. Acha saa moja ipite, zikiwa mbili ni bora zaidi. Mjamzito vikombe viwili kwa siku vinamtosha, na visiwe vikali namna hii."

"Kidonge ameze na nini?" aliuliza Bi Mkasi. Zipu ilikuwa imesahaulika mapajani pake.

"Maji safi. Na ale chungwa, au pera, au akamue ndimu kwenye maji. Matunda ya namna hiyo yanausaidia mwili kukichukua chuma. Maziwa nayo yasubiri, yana tabia kama ya chai." Sista aliangalia meza. Kila cherehani ilikuwa na mkate mkavu na kikombe. "Hiki ndicho chakula chenu cha mchana? Ninyi nyote?"

"Mchuzi haupandi ngazi," mafundi walisema kwa pamoja. Walikuwa wameizoea kama salamu.

"Mkate na chai vinanyamazisha tumbo tu. Damu inataka maharage, dengu, mboga za majani, dagaa, samaki, nyama ikipatikana, yai. Si vyote kwa siku moja. Leo hiki, kesho kile. Na mboga msizichemshe mpaka zikawa rojo, halafu maji yake mkayamwaga."

Wote walimtazama Bi Mkasi. Yeye aliitazama dari. Miaka tisa sheria yake haikuwahi kuvunjwa, wala hakuwa mtu wa kuvunja sheria yake mwenyewe mbele ya wageni.

"Sheria inasema mchuzi haupandi," alisema hatimaye. "Haikatazi mafundi kushuka. Majani, pale chini kuna nafasi ya benchi?"

"Ipo."

"Basi watakula chini, watanawa kwa sabuni, ndipo wapande. Atakayepanda na mkono wa mafuta nitamkata yeye badala ya kitambaa."

Sista alipokuwa anaaga, Fundi alimwita pembeni. Alimwambia kwa sauti ya chini habari ya chaki.

"Usione haya," Sista alimjibu. "Mtu aliyepungukiwa chuma mara nyingi hutamani vitu visivyo chakula. Wengine udongo, wengine barafu. Wewe umekutana na chaki kwa sababu ndiyo iliyo mezani kwako. Iache, haina faida, na inazidi kuzuia chuma. Damu ikipanda, hamu itaondoka yenyewe."

Jioni hiyo mume na mke walirudi nyumbani kwa miguu. Walipofika nusu ya njia Majani alisema, "Nimekukosea."

Fundi aliendelea kutembea. "Uliniangalia chini ya ulimi mbele ya watu."

"Niliangalia."

"Kama Swali akiiba sukari."

"Niliogopa, mke wangu. Kila nikifumba macho naliona lile benchi."

Fundi alisimama. "Ungeniambia unaogopa, ningekuelewa. Mimi pia naogopa. Lakini kutoaminiwa na wewe, hilo sikujua niliweke wapi moyoni."

Majani alichukua mkoba wa mkewe, akauning'iniza begani kwake, wakaendelea. Walipofika nyumbani alimpa mkewe lile kopo lenye vidonge. "Vyako," alisema. "Vitunze mwenyewe."

Bibi alipoelezwa, aliweka ungo chini. "Kumbe mwanangu hakusema uongo," alisema. "Basi mimi na lile godoro langu tunaomba radhi." Kesho yake alfajiri aliinjika sufuria ya maharage bila kuombwa.

Maisha yalibadilika kidogo kidogo. Chini ya ngazi liliwekwa benchi refu. Saa saba mafundi walishuka na vyombo vyao vyenye vifuniko: maharage na mboga, wali na dagaa, siku nyingine yai. Fundi alibeba chungwa kila siku. Saa tisa cherehani zilisimama dakika kumi, na hapo ndipo Majani alipopanda na birika. Mwanzoni wateja walinung'unika juu ya sukari. Majani aliwajibu kwamba sasa ndipo wanapoonja chai yenyewe. Baada ya majuma matatu walianza kuisifu tena, na kikohozi chake kikapona.

Swali naye aliachishwa chai ya asubuhi.

"Kwa nini bibi anakunywa?" aliuliza.

"Bibi ameshamaliza kukua," alijibiwa. Alifikiria, akakubali, akaomba uji.

Baada ya mwezi damu ya Fundi ilikuwa tisa na nusu. Siku moja aliinua chaki kuchora kola, akainusa, akaona ni chaki tu. Alicheka peke yake. Katika mwezi wa tisa wa mimba alipimwa mara ya mwisho. Sista aliangalia kipimo, akarudia kukiangalia.

"Karibu kumi na moja," alisema. "Sasa nenda ukajifungue bila wasiwasi, na vidonge usiviache hata ukishajifungua."

Uchungu ulianza asubuhi ya siku ya kazi. Majani alikaa tena kwenye lile benchi la mbao, palepale hospitalini. Safari hii hakuona watu wakipita mbio. Aliona mfagiaji, aliona mwanamke akiuliza njia, aliona saa ya ukutani ikienda taratibu. Saa saba mchana mkunga alitoka akivua glavu.

"Mtoto wa kiume," alisema. "Mama mzima. Damu imetoka kiasi cha kawaida tu, na yake ilikuwa ya kutosha."

Majani aliinama, akaweka mikono usoni, akalia bila kujificha.

Majani na Swali walipoingia, Fundi alikuwa ameegemea mto, mtoto kifuani. Bibi alikuwa ameshampa bakuli la maharage na chungwa, na bakuli lilikuwa tupu. Majani alikuwa na chupa ya chai kwapani. Aliipika mwenyewe alfajiri, nyepesi, sukari kijiko kimoja.

"Nimeshakula," Fundi alimwambia, sauti imechoka. "Na kidonge nimemeza sasa hivi."

Majani hakumwambia afungue mdomo. Aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika tano. Akakaza kifuniko cha chupa, akaiweka chini ya kitanda, akavuta kiti, akakaa.

"Baba," Swali aliuliza, "kwa nini humpi mama chai?"

"Nitampa."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika tano."

"Na ikipoa?"

"Nitapika nyingine."

Fundi alifumba macho huku anatabasamu. Majani, ambaye kijichumba chake kina kiti kisichokaliwa, alikaa kwenye kiti kile cha hospitali saa nzima bila kuinuka. Ilipofika saa kumi na dakika tano aliinama, akaitoa chupa, akafungua kifuniko.